Kona ya Familia: Mvua Inanyesha na Wageni Wako Ndani, Tucheze Nini?

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kumsaidia mtoto kufanya kazi za shule nyumbani pasipo na meza. Mwezi huu tunafunga madaftari kidogo. Tunataka tuongee juu ya michezo, hasa ile ya ndani ya nyumba, ambayo mkubwa na mdogo wanaweza kuicheza pamoja siku ya sherehe.

Tunajua wapo watakaosema, "Aa, walimu hawa wamekosa la kuandika." Jamani, ngojeni kwanza. Hata Mkataba wa Haki za Mtoto, ule uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, umeandika katika ibara ya 31 kwamba mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema acheze akiwa kwao tu. Na mkimbizi ni mtoto vilevile.

Tena kuna jambo la mvua. Huku kwetu Kigoma mvua ikianza mwezi wa 10 au wa 11, haituachii mpaka mwezi wa 4 au wa 5. Lakini sherehe zetu haziulizi mvua. Kuna ubatizo, kuna Idi, kuna Krismasi na Mwaka Mpya, kuna mtoto aliyefaulu mtihani, kuna ndugu wanaosafiri na inabidi tuwaage. Watu 20 wanajazana katika chumba kimoja. Wakubwa wanashika viti na kuanza habari za foleni na za orodha. Watoto wakichangamka kidogo wanaambiwa, "Hebu nendeni mkacheze nje!" Nje wapi, na mvua hiyo? Basi wanakaa pembeni, wanachokozana, mmoja analia, anachapwa, na sherehe inaharibika.

KOSA LETU LA MAPUTO

Kabla ya kuwafundisha, ni lazima tuwaambie tulivyokosea sisi wenyewe.

Mwaka juzi, mwezi wa 12, tuliandaa sherehe ndogo ya kufunga mwaka kwa watoto wetu na wazazi wao. Mvua ilikuwa kubwa, tukaingia wote ndani ya darasa. Mmoja wetu alikuwa amepata maputo ya rangi rangi. Tulikuwa tumeona kwenye filamu mchezo ambao kila mtu anafungiwa puto kwenye mguu, halafu wengine wanajaribu kulikanyaga lipasuke. Tukasema, huo ndio mchezo wa sherehe. Tukafungia watoto na wazazi.

Puto la kwanza likapasuka, watoto wakacheka sana. La pili likapasuka. La tatu na la nne yakapasuka kwa pamoja. Hapo tukaona mama mmoja aliyekaa karibu na ukuta amemvuta mtoto wake chini na kumlalia juu. Baba wawili walikuwa wameshatoka mlangoni, wamesimama mvuani bila viatu. Darasa lote likanyamaza. Mtoto wa yule mama ana miaka 5, amezaliwa hapahapa kambini, bunduki haijui. Alianza kulia. Hakulia kwa ajili ya puto. Alilia kwa sababu ya uso wa mama yake, maana hakuwahi kuuona hivyo.

Hakuna mtu aliyetugombeza. Hilo ndilo lililotuuma zaidi. Kesho yake tulienda kuomba msamaha, mama akatukaribisha vizuri, akatuambia, "Ninyi walimu bado ni watoto, hamkujua."

Lakini tulijua. Baadhi yetu tulivuka ziwa tukiwa mgongoni mwa mama zetu. Wengine tumezaliwa hapa, ila tumekua tukiwasikia wazazi wakipiga kelele usingizini. Tulijua, ila siku ile tulitaka sherehe yetu ifanane na ile ya kwenye filamu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza maswali matatu kabla ya mchezo wowote. Tunawaomba na ninyi muyaulize.

Swali la kwanza: Je, katika mchezo huu kuna mlio wa ghafla, kumfunga mtu macho, kumkamata au kumkimbiza? Kama upo, uacheni. Huwezi kujua ndani ya chumba nani anabeba nini moyoni. Hata ule mchezo wa kumfunga mtu kitambaa usoni awatafute wenzake, sisi tumeuacha kabisa.

Swali la pili: Je, koko wa miaka 70 na mtoto wa miaka 6 wanaweza kuucheza pamoja, na kila mmoja akapata nafasi ya kushinda? Mchezo ambao wakubwa wanashinda siku zote ni somo tu, na mchezo wa watoto peke yao unawarudisha wakubwa kwenye habari za foleni.

Swali la tatu: Anayekosea anapelekwa wapi? Michezo mingi inasema, "Umekosea, toka!" Sisi tumeshatolewa mahali pengi katika maisha yetu. Kwa hiyo katika michezo yetu hakuna mtu kutoka. Anayekosea anapewa kazi: aige sauti ya mbuzi, amsalimie kila mtu kwa lugha tofauti, au awe msaidizi wa kiongozi. Watu wanacheka, naye anabaki ndani pamoja nao.

Sasa tuingie kwenye michezo yenyewe. Tumechagua sita tuliyoijaribu. Hakuna hata mmoja unaohitaji pesa.

1. VITU CHINI YA KITENGE

Weka sinia au mkeka katikati. Panga juu yake vitu 12 vya nyumbani: kijiko, kiberiti, kitunguu, kifungo, kalamu, kopo, ufunguo, mhogo, kamba, sabuni, punje ya mahindi, mfuniko. Wote waangalie huku mkihesabu pamoja mpaka 60. Halafu funika na kitenge.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza, kila mmoja kwa zamu anataja kitu kimoja anachokumbuka, mpaka viishe. Ya pili ni tamu zaidi: kiongozi anaingiza mkono chini ya kitenge na kuondoa kitu kimoja bila kuonekana, anafunua, na wote wanatafuta ni kipi kimepotea. Mkizoea, ongezeni vifike 15 au 20.

Kwa jinsi tulivyoona, watoto huwapita wakubwa katika mchezo huu. Baba mzima anasema hakuna kilichopotea, mtoto wa darasa la 2 anamwambia, "Kifungo, papa!" Tazama uso wa mtoto huyo. Kwa wiki nzima atatembea kichwa juu. Kwa watoto wadogo sana, mnaweza kuanza na vitu 5 tu.

2. NYAMA, NYAMA, NYAMA

Huu wengi mnaujua. Kiongozi anaita majina ya wanyama haraka haraka. Akitaja mnyama anayeliwa, wote wanaitikia "Nyama!" na kuruka. Akitaja asiyeliwa, mnakaa kimya. Nje watu wanaruka, lakini ndani tunapiga kofi moja au kuinua mikono, maana chumba ni kidogo na kuna sufuria. Utamu wake ni kuwatega watu: nyama ya mbuzi, nyama ya kuku, nyama ya bata, nyama ya... bakuli! Mtu ameshapiga kofi.

Ila sikilizeni hapa. Siku moja mwenzetu alitaja nguruwe. Nusu ya chumba wakapiga kofi, nusu wakakaa kimya, na kiongozi akasema waliokaa kimya wamekosea. Waliokaa kimya ni majirani zetu Waislamu. Mchezo ukawa baridi mara moja. Kisha akataja panya, na pale napo ukoo mmoja ukaangalia ukoo mwingine, unajua tena mambo ya panya wa porini.

Kwa hiyo sheria yetu ni kwamba, kabla ya kuanza, kiongozi anachagua wanyama ambao hakuna ubishi juu yao. Nguruwe, nyani na panya tunawaacha nje ya mchezo. Wapo ng'ombe, mbuzi, kondoo, kuku, bata, sungura na samaki wa kutosha. Mkitaka kucheka zaidi, tajeni vitu vya ndani: nyama ya mwiko, nyama ya mwalimu, nyama ya shati la baba.

3. NENO LA MNONG'ONO

Kaeni katika mstari au duara. Mtu wa kwanza anabuni sentensi moja fupi na kumnong'oneza jirani yake sikioni mara moja tu. Hakuna kurudia. Naye anampa wa pili yake, mpaka mtu wa mwisho, ambaye anasema kwa sauti alichosikia. Watu 10 wanatosha kabisa kuliharibu neno.

Siku moja tulianza na "Koko ameficha karanga kwenye kofia." Lilipofika mwisho likawa "Koko amefika Karagwe na kafiri." Koko mwenyewe alikuwapo, alicheka mpaka akakohoa.

Kama nyumbani kwenu kuna watu wa lugha mbalimbali, mchezo unanoga zaidi. Mtu wa kwanza aseme kwa Kiswahili, wa pili ageuze kwa Kibembe au Kifuliru, wa tatu arudishe kwa Kiswahili, wa nne aseme kwa Kirundi au Kifaransa, na kuendelea. Watoto wanaokataa kuongea lugha ya bibi yao, hapo utawasikia wanaomba wafundishwe neno.

Na sisi walimu hatukosi kuweka somo. Mkimaliza kucheka, waulizeni watoto: sentensi iliharibika wapi? Nani aliongeza? Kwa kawaida hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisikia nusu, na ile nusu nyingine akaijaza mwenyewe. Ndivyo habari zinavyosafiri hapa kambini. Asubuhi kwenye bomba mtu anasema jambo la mgao, jioni limekuwa jambo la kurudishwa kwa nguvu, na usiku kuna familia haijalala. Mtoto aliyecheza mchezo huu, akisikia uvumi anauliza, "Nani alisema kwanza?" Hata sisi wakubwa swali hilo linatufaa.

4. JIWE LIKO KWA NANI?

Kaeni duara, mikono nyuma ya mgongo au chini ya kitenge kirefu. Jiwe dogo linapita mkono kwa mkono huku wote wakiimba wimbo wowote wanaoupenda. Mtu mmoja amekaa katikati. Wimbo ukikatika, anaangalia nyuso na kutaja nani ana jiwe. Ana nafasi tatu. Akipatia, wanabadilishana mahali. Akikosa mara tatu, wanamwonyesha, wanamchekesha kidogo, na mwingine anaingia kwa hiari yake.

Mchezo huu ni mzuri kwa mgeni aliyefika juzi, kwa mtoto mwenye aibu, na kwa ndugu asiyeweza kutembea. Wote wamekaa chini, wote wana mikono ya kupitisha. Tuna mtoto mmoja darasani asiyesikia vizuri. Huyo huwezi kumshinda, anasoma uso wako kama kitabu. Kwa ajili yake, wimbo unapokatika kiongozi anainua mkono pia.

Angalizo: tumia jiwe au mbegu kubwa ambayo mtoto hawezi kuimeza. Wenye watoto wa chini ya miaka 3, tumieni kitambaa kilichofungwa fundo.

5. KUIGIZA BILA SAUTI

Gawaneni makundi mawili, kila kundi liwe na wakubwa na watoto. Mtu wa kundi la kwanza ananong'onezwa kazi na kundi la pili, halafu anaiigiza mbele ya wenzake bila kusema neno. Wakitambua kabla hamjahesabu mpaka 50, wanapata alama.

Kazi za kuigiza zipo tele: kusonga ugali, kusuka nywele, kumwogesha mtoto asiyependa maji, kupanga foleni juani, kushona nguo kwa cherehani, mwalimu aliyepoteza chaki, mtu anayejaribu kupata mtandao wa simu. Wakubwa wapeni kazi za nyumbani kwetu. Kuna baba mmoja aliigiza uvuvi wa usiku ziwani: akawasha taa, akasubiri samaki waje kwenye mwanga, akateremsha wavu taratibu, akauvuta. Watoto waliozaliwa huku hawakutambua hata kidogo. Ndipo akawaeleza namna Ziwa Tanganyika linavyoonekana usiku likiwa na taa nyingi juu ya maji, na juu ya mgebuka, samaki ambaye majirani zetu Warundi wanamwita mukeke. Mchezo ulisimama nusu saa, na hakuna aliyetaka uendelee.

Sheria yetu moja: hatumpi mtu kazi ya askari, ya bunduki wala ya kukimbia. Ikitokea mtoto mwenyewe ameigiza hayo, msimgombeze wala msimcheke. Pigeni makofi kidogo, mpeni kazi nyingine. Halafu baadaye, mkiwa wawili, mwulize taratibu kama kuna jambo anataka kusema.

6. MKEKA UNAOPUNGUA

Wengi mnaujua mchezo wa viti na muziki, ambao kiti kinapunguzwa na mtu mmoja anatoka. Tulishauona ukileta ugomvi, tena wa mama zima kwa mama zima. Sisi tumeugeuza hivi: tandika mkeka. Muziki au kofi zikilia, wote wanatembea kuuzunguka. Zikikatika, wote wanasimama juu ya mkeka, hakuna mguu nje. Kisha mkunje nusu, mrudie. Mkunje tena. Hakuna anayetolewa, shida ni moja kwa wote: tutatoshaje?

Hapo ndipo watu wanaanza kubeba watoto, kushikana mikono, kusimama kwa mguu mmoja. Mkiweza wote, mmeshinda wote. Kwa heshima, tunaucheza kwa familia moja moja, au mama na wasichana kwanza, halafu baba na wavulana. Watu 6 mpaka 8 kwa mkeka mmoja wanatosha. Wazee na mama wajawazito wawe waamuzi.

MAMBO MADOGO YASIYO MADOGO

Kwanza, moto. Kabla ya mchezo wowote wa kusimama, toa jiko nje ya chumba au lizime. Koroboi iweke juu, mbali na turubai na nywele za watoto. Kama una taa ya sola, siku hiyo ndiyo ya kuitumia.

Pili, zawadi. Usiweke biskuti moja kwa mshindi mmoja mbele ya watoto 12. Siku hizi posho yenyewe haimfikishi mtu mwisho wa mwezi, na biskuti inaweza kuleta machozi kuliko furaha. Kwetu zawadi ya mshindi ni kuchagua mchezo unaofuata. Kama kuna karanga au uji, ni wa wote, na wadogo wanaanza.

Tatu, muda. Mchezo mmoja usizidi robo saa. Uache watu wakiwa bado wanautaka. Na saa 3 ya usiku tunanyamaza, maana ukuta wa jirani ni turubai, na pengine jirani ana mgonjwa au ana msiba.

Nne, mtu asiyetaka kucheza aachwe. Mpe kazi ya kuhesabu alama au kushika kitenge. Mara nyingi baada ya mchezo wa pili anaingia mwenyewe. Hata asipoingia, amekuwa pamoja nanyi.

KITENDAWILI NA MJI

Tumeahidi michezo sita, lakini tumeuweka huu wa mwisho peke yake kwa sababu ndio tunaoupenda kuliko yote.

Vitendawili mnavijua. Mmoja anasema, "Kitendawili!" wengine wanajibu, "Tega!" Majirani zetu Warundi mmoja anasema "Sokwe!" na wengine "Niruze!" Ni mchezo uleule, bibi zetu walikuwa na busara moja. Wakishindwa kujibu, mtegaji anasema, "Nipeni mji." Wanamtajia mji, akiukataa wanamtajia mwingine, mpaka aukubali. Akikubali, anasema amekwenda katika mji huo, anaeleza kidogo alichokiona, kisha anatoa jibu.

Msiogope kubuni vitendawili vipya vya hapahapa. Watoto wetu wamebuni hivi. "Ana mdomo mmoja, kijiji kizima kinamngoja alfajiri." Jibu: bomba la maji. "Tunamsubiri siku nyingi kwa foleni, akija nyumbani hakai." Jibu: posho. "Nimeikunja nyumba yangu nikaibeba kwapani." Jibu: turubai.

Sasa sikilizeni yaliyotokea. Mwaka jana kulikuwa na familia moja inayoaga, inasafiri kwenda Marekani kuanza maisha mapya. Mvua kama kawaida. Chumba kilikuwa kizito, kila mtu anaangalia chini. Koko mmoja ambaye amekuwa hapa tangu mwaka 1996 akasema, "Kitendawili!" Watoto wakaruka, "Tega!" Alitega kigumu, wote tukashindwa. Akasema, "Basi nipeni mji."

Binti wa miaka 9, mmoja wa wanaosafiri, akasema, "Chukua Kasulu." Koko akakataa. "Chukua Kigoma." Akakataa. "Chukua Dar es Salaam." Koko akatikisa kichwa, akasema mji huo hana ndugu. Binti akafikiri, akasema, "Basi chukua Baraka."

Koko alinyamaza kidogo. Akasema, "Baraka naichukua." Halafu akaanza: "Nimekwenda Baraka, nimefika asubuhi, nimeshuka mtumbwini, maji yamenifika magotini. Nimewakuta mama wananunua samaki ufukweni. Nimepita chini ya mwembe wa baba yangu, bado unazaa." Aliendelea, na watu wazima wa kule wakaanza kumsaidia: na kanisa je, bado lipo? Na barabara ya kwenda Fizi? Koko akajibu yote kana kwamba ametoka huko leo. Jibu la kitendawili alilisahau kabisa, na mpaka leo hatulijui.

Alipomaliza, yule binti akasema, "Sasa mimi. Kitendawili!" "Tega!" "Analia juu ya nyumba, machozi yanaingia ndani." Wakubwa wakajifanya wameshindwa, ingawa mvua ilikuwa inadondoka kwenye karai palepale katikati yetu. Akasema, "Nipeni mji."

Wakampa New York, akakataa. Wakampa Chicago, akakataa. Mama yake akampa Uvira, akakataa. Mwisho akamgeukia yule mzee, akasema, "Koko, ukimaliza kukaa Baraka, na mimi nipe."

Koko akamjibu, "Mjukuu wangu, chukua. Tutakaa wote."

Hakuna aliyelia kwa sauti, lakini wengi waliinuka kwenda kuangalia mvua mlangoni. Halafu mtu akatandika mkeka, tukacheza mpaka saa 3.

Wapendwa wasomaji, mtoto aliyezaliwa hapa hawezi kuionyesha Baraka wala Bujumbura kwenye picha ya kichwani mwake kama hakuna aliyempa. Na mzee hawezi kuanza tu kusimulia, anahitaji mtu wa kumwambia "Tega!" Mchezo ndio unaowakutanisha. Ndiyo maana tunawaomba, mvua ikinyesha na wageni wamejaa, msiwafukuze watoto nje na msiwaache wazee kwenye kona.

KAZI YENU YA MWEZI HUU

Jioni moja katika wiki, familia yenu ijaribu mchezo mmoja. Watoto wamwulize babu, bibi au jirani mzee: "Mlipokuwa wadogo, mvua ikinyesha mlicheza nini ndani?" Andikeni jibu kwenye karatasi yoyote, kwa lugha yoyote, mtuletee shuleni. Asiyejua kuandika aje asimulie, sisi tutaandika. Tutachagua michezo michache tuiweke katika toleo lijalo.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kijana aliyeacha shule na namna ya kumrudisha bila kumwaibisha. Hadi hapo, tunawatakia nyumba zenye vicheko na turubai zisizovuja.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.